UCHAMBUZI: Anayebadilisha paa Pwani apime joto kabla ya kupima bei

KILA mwaka upepo wa kaskazi unapoanza kulegea na wingu la masika kuonekana baharini, mafundi wa paa mjini Mombasa na katika kaunti za Kilifi, Kwale na Lamu huwa hawashikiki. Huu ndio wakati ambapo mwenye nyumba aliyevumilia tundu moja mwaka uliopita hugundua kuwa sasa ni matundu saba, na kwamba ndoo alizozitandaza sebuleni hazitoshi tena. Humwita fundi. Fundi hupanda ngazi, akaligonga bati kwa kidole, kisha akateremka na hukumu ile ile: Mzee, hili halizibiki tena, ni kuezua na kuezeka upya.

Kuanzia hapo mazungumzo huwa ya shilingi pekee. Mabati mangapi? Geji gani? Rangi ipi imeingia sokoni? Misumari kilo ngapi? Mbao zipi zinaweza kubakizwa? Ni nadra kusikia swali ambalo kwa hakika lilistahili kuyatangulia hayo yote: Je, tukishamaliza kuezeka, mtu ataweza kulala humu ndani?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Paa la nyumba hubadilishwa mara moja au mbili katika umri wa mtu. Uamuzi unaofanywa kwa siku mbili katika duka la vifaa vya ujenzi ndio utakaoamua kama mama mzazi mwenye shinikizo la damu atapata usingizi, kama watoto wataweza kudurusu vitabu vyao mchana, na kama bili ya stima itapanda kwa sababu ya feni na viyoyozi kwa miaka 20 au 30 ijayo. Hoja ya makala haya ni kwamba katika maeneo ya joto, bati au kigae ni sehemu moja tu ya paa, na anayelipia sehemu hiyo peke yake atakuja kulipa mara ya pili, kwa mfuko wake na kwa afya ya jamaa zake. Wahenga walilimaliza jambo hili kwa maneno mawili: rahisi ghali.

Waliotutangulia na paa juu ya paa

Waliotutangulia katika Pwani hawakuwa na vipimajoto, lakini walilifahamu jua. Nyumba ya kawaida ya udongo na fito iliezekwa kwa makuti ya mnazi, tabaka juu ya tabaka, kwa mteremko mkali ili maji ya mvua yasipate nafasi ya kutua. Makuti hufungia hewa baina ya majani yake, na hewa iliyotulia ni miongoni mwa vizuizi bora vya joto. Aidha, makuti hupumua. Hewa moto iliyopanda juu ya chumba hupenya na kutoka. Upenu nao ulishushwa hadi ukafunika sehemu kubwa ya ukuta na kumpa mwenye nyumba baraza lenye kivuli cha kupokelea wageni.

Wenye uwezo walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na juu wakaweka sakafu nene tambarare iliyotumika kama paa. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiposa vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Mji wa Kale wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, ungali unatoa somo ambalo wengi hupita chini yake bila kuliona. Juu ya mapaa tambarare ya nyumba nyingi mjini humo kumesimamishwa paa la pili la makuti lililoinuliwa kwa nguzo, pande zake zikiwa wazi. Jua huyapiga makuti, upepo hupita katikati, na mawe yaliyo chini hukaa kivulini mchana kutwa.

Katika ujenzi huo mna mambo matatu ambayo fundi yeyote wa leo angepaswa kuyakumbuka: kivuli cha kulipokea jua, nafasi ya hewa inayotembea, na dari ya kumkinga aliye chini. Paa lililokosa moja kati ya hayo ni pungufu, hata likiwa limenunuliwa kwa bei ghali kiasi gani.

Mabati yalipokuja, yalikuja na sababu nzuri. Hayaozi kama makuti, hayashiki moto kwa cheche ya jikoni, hubebwa kwa mkokoteni, na huteka maji safi ya mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Kwa hivyo, paa lenye ukubwa wa mita mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 huweza kutoa karibu lita 600, ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea. Kwa familia ya Ganze au Kinango ambayo hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, hilo si jambo dogo. Haishangazi basi kwamba Sensa ya mwaka wa 2019 ilibaini kuwa takriban familia nane kati ya kila kumi nchini Kenya huishi chini ya mabati.

Hata hivyo, bati lilikuja pia na heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyotupumbaza. Nyumba ya makuti au nyasi ilianza kuhesabiwa kuwa alama ya umaskini, na ya bati alama ya maendeleo. Fikra hiyo haiko Kenya pekee. Nchini Rwanda, serikali iliendesha kampeni kubwa iliyokamilika mwaka wa 2011 ya kuondoa nyumba za nyasi na kuziezeka upya. Lakini Rwanda ni nchi ya milima na vilima, yenye usiku wa baridi. Kwetu, bati lile lile linalouzwa Nyeri, ambako jioni familia hukusanyika jikoni kutafuta ujoto, ndilo linalouzwa Garissa na Lodwar, ambako joto la mchana hukaribia au kupita nyuzijoto 35 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Muuzaji ni mmoja, tangazo ni moja, ushauri ni mmoja. Jua ndilo lililo tofauti.

Pasi sitini juu ya kichwa

Kenya imekatwa na mstari wa ikweta. Maana yake ni kwamba adhuhuri jua huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika nchi za mbali na ikweta, kuta na madirisha hupokea mgao mkubwa wa jua. Kwetu, mgao huo huangukia paa.

Mchana wa jua kali, kila mita moja mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 za nguvu ya jua. Pasi ya umeme ya kawaida hutumia kiasi kama hicho. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita sita, basi, ni kama nyumba iliyopangiwa pasi 60 juu ya paa, zote zikiwa zimewashwa. Suala lote la kuchagua paa ni kuuliza ni pasi ngapi kati ya hizo zitarudishwa angani, na ni ngapi zitaachwa ziteremshe joto lake chumbani.

Paa jeusi, la kahawia iliyokolea, au la bati lililoliwa na kutu humeza sehemu kubwa ya jua hilo, pengine pasi 50 kati ya hizo 60. Bati la namna hiyo huweza kupita nyuzijoto 60 ifikapo saa saba mchana. Paa lililopakwa rangi nyeupe maalum ya kurudisha jua huweza, likiwa jipya, kurudisha karibu sehemu nane kwa kumi, na kubakisha takriban pasi 12. Vumbi na ukungu vikilishika idadi hiyo hupanda, na ndiyo maana paa jeupe huhitaji kuoshwa na kupakwa tena baada ya miaka kadhaa. Bati jipya lisilopakwa rangi huonekana kama kioo na hurudisha kiasi cha jua, lakini lina kasoro moja: joto linalolimeza hulitoa angani kwa shida, na mng'ao wake hupungua mwaka hadi mwaka.

Hapa ndipo wengi hushangaa kwa nini feni haiwafai. Bati lililopata moto hufanya kazi kama mlango wa tanuri. Humtupia joto moja kwa moja mtu aliye chini yake hata kama hewa ya chumbani haijawa moto sana. Feni husukuma hewa. Haina uwezo wa kuuziba mlango wa tanuri.

Mwandishi wa makala haya alilijua hilo kwa njia chungu. Mnamo 2011, ndugu zangu nami tuliezua makuti ya nyumba ya mama yetu kijijini katika Kaunti ya Kilifi na kumwezekea mabati mapya ya rangi ya damu ya mzee. Tulipiga picha, tukala pilau, tukarudi mijini tukiwa na fahari. Miezi michache baadaye tulipata habari kuwa mama alikuwa amehamishia kitanda chake barazani. Hakulalamika, kwani ni nani angewalalamikia watoto waliojinyima kwa ajili yake? Fundi hakuwa amekosea lolote. Alituezekea tulichomwambia atuezekee. Sisi ndio ambao hatukumuuliza swali, na ilitubidi kurejea na mbao za dari, wavu na rangi nyeupe, gharama ambayo ingekuwa nafuu zaidi kama ingefanywa pamoja na kazi ya kwanza.

Kila ezeko na tabia yake

Hakuna ezeko lisilo na dosari. Anayetaka kubadilisha paa ni vyema alijue kila moja kwa wema na ubaya wake.

Makuti yangali bora kwa ubaridi. Tatizo lake ni umri na moto. Hata yakisukwa vyema na kupangwa kwa kubanana, hayadumu kwa kawaida zaidi ya miaka kumi, na mengi huchoka mapema zaidi. Maji yanayotiririka kutoka kwayo hayafai kunywewa. Kuhusu moto, wakazi wa kijiji cha Faza, kisiwani Pate, hawahitaji kukumbushwa mkasa wa Septemba 2009 ulioteketeza mamia ya nyumba na kuwaacha maelfu ya watu bila makao. Palipo na nyumba zilizobanana, makuti ni hatari kwa jirani kabla ya kuwa hatari kwa mwenyewe. Palipo na uwanja mpana na jiko lililo mbali na nyumba, hakuna sababu ya kuyaonea haya.

Mabati ndiyo yatakayochaguliwa na wengi, na kwa hivyo ndiyo yanayohitaji umakini zaidi. Mnunuzi akumbuke kuwa namba ya geji huenda kinyume na akili ya kawaida: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Karibu na bahari, chumvi iliyomo hewani hula bati haraka, hasa pale lilipokatwa au kutobolewa. Lililotiwa mchanganyiko wa alumini na zinki hustahimili chumvi kuliko lile la zinki pekee. Misumari iwe ya aina isiyoshika kutu na yenye raba, kwani mapaa mengi huanza kuvuja kwenye tundu la msumari kabla ya bati lenyewe kuchakaa. Alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) itafutwe juu ya bati lenyewe badala ya kutegemea maneno ya mwenye duka.

Rangi si pambo tu. Kama bati ni lazima, basi jeupe, la krimu au la kijivu hafifu litampunguzia mwenyewe joto kila siku bila kumgharimu senti ya ziada kwa mwezi. Ni ajabu kwamba katika mitaa mipya ya Pwani, rangi zinazopendwa ni zile zile zilizokolea: kahawia, nyekundu na nyeusi.

Vigae vya udongo na vya saruji hupendeza, havipigi kelele wakati wa mvua, na nafasi baina yake hupitisha hewa. Lakini vina uzito. Mita moja mraba ya vigae huweza kufikia kilo 40 hadi 50, ilhali mabati ya kawaida hayafiki kilo tano. Anayetoa mabati na kuweka vigae juu ya mbao zile zile anaalika maafa. Kenchi zote ni lazima zikaguliwe na mhandisi, na mara nyingi zibadilishwe.

Paa la zege hudumu na humpa mwenye nyumba mahali pa kuanikia nguo au kuongezea ghorofa siku za usoni. Kasoro yake hujitokeza usiku. Zege humeza joto mchana kutwa na kulitoa polepole baada ya magharibi, saa zile zile ambazo watu wanataka kulala. Bati, kwa upande mwingine, hupoa upesi jua likitua. Aliye na paa la zege hahitaji kulibomoa. Anaweza kulipaka chokaa au rangi nyeupe, au akaiga walivyofanya watu wa Lamu na kulijengea kivuli juu yake.

Limebaki asbesto, ambayo ingali juu ya baadhi ya shule, hospitali na nyumba kuukuu za umma. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006 ziliiweka miongoni mwa taka hatari humu nchini. Hatari kubwa haiko katika kulala chini ya kigae kizima cha asbesto, bali katika kukivunja, kukikata kwa msumeno au kukikwangua, kwani ndipo nyuzi zake nyembamba huruka hewani na kuingia mapafuni. Kazi hiyo asipewe kibarua asiye na kinga. Mwenye nyumba awasiliane kwanza na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Vigae hivyo hulowanishwa maji, huteremshwa vikiwa vizima, hufungwa kwa plastiki nzito na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Desturi ya kuvitumia vipande vyake kujengea banda la kuku au kujazia mashimo ya barabara ni kuwawekea watoto maradhi ya kesho.

Kazi iliyo chini ya bati

Baada ya kuchagua ezeko, kazi kubwa bado. Jambo la kwanza ni dari. Chumba kisicho na dari ni chumba kinachotazamana ana kwa ana na bati. Dari ya mbao, ya bodi au hata ya mikeka iliyotandazwa vyema hukata njia ya lile joto linalotupwa kutoka juu.

La pili ni hewa. Dari bila matundu ya hewa hugeuza darini kuwa chungu kilichofunikwa. Hewa baridi huhitaji kuingia chini, kwenye upenu, na hewa moto itoke juu, kwenye kofia ya paa au kwenye pembe za kuta za ubavuni. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu wa chuma ulio mwembamba ili mbu, popo na ndege wasipate makao. Mafundi wengi siku hizi huziba upenu kabisa kwa kuogopa mbu, na nia yao ni njema, lakini mbu huzuiwa na wavu, na joto halizuiwi na saruji.

La tatu ni ile karatasi yenye uso wa kung'aa kama fedha ambayo hutandazwa chini ya bati. Hufaa sana, ila kwa sharti moja ambalo mara nyingi hupuuzwa: uso unaong'aa ni lazima utazamane na nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na ubao bila nafasi, joto hupita kana kwamba haipo. Ikigeuzwa uso ukatazama juu, vumbi huufunika na kuupunguzia nguvu. Ni heri utazame chini.

La nne ni uimara. Paa jipya likiwa wazi, huo ndio wakati wa kukagua mbao zilizoliwa na mchwa na kufunga kenchi kwenye kuta kwa vipande vya chuma. Kila msimu wa mvua huwa tunachapisha habari za shule au kanisa ambalo paa lake limeng'olewa na upepo. Katika visa vingi upepo huchukua kile ambacho hakikufungwa. Anayenuia kuweka mitambo ya sola naye aifikirie sasa, kwani paa hubeba uzito wa ziada, na kuing'oa mitambo miaka mitano baadaye ili kubadilisha bati lililochakaa ni hasara mara mbili.

Analipa nani?

Kufikia hapa msomaji ataona kwamba maarifa si haba. Kwa nini basi mapaa moto yanazidi kuongezeka? Sehemu ya jibu imo katika uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji. Katika miji yetu, maelfu ya watu huishi katika vyumba vya kukodi. Anayechagua paa ni mwenye ploti, na anayelala chini yake ni mpangaji. Mwenye ploti hulipia bati, mpangaji hulipia feni, dawa za kichwa na usingizi uliopotea. Maadamu kodi ni ile ile, mwenye ploti hana sababu ya kuongeza dari wala rangi nyeupe.

Pengo kama hilo huzibwa na sheria. Kanuni za Ujenzi za Kitaifa za mwaka wa 2024 zilichukua nafasi ya zile za mwaka wa 1968, na serikali za kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani za majengo. Kaunti za Mombasa, Tana River, Garissa, Mandera au Turkana hazihitaji kusubiri Nairobi ili kudai kwamba chumba chochote cha kukodisha kiwe na dari na matundu ya hewa kabla ya kupewa kibali. Mpangaji hana nguvu ya kudai hayo peke yake. Afisa wa ujenzi anayo.

Wengine wamethubutu. Jiji la Ahmedabad nchini India lilitayarisha mpango wa kukabiliana na joto mnamo 2013 na baadaye likaanza kupaka mapaa ya nyumba za wakazi maskini rangi nyeupe. Jimbo la Telangana, nchini humo, lilipitisha mwaka wa 2023 sera inayotaka majengo ya serikali na ya biashara yawe na mapaa ya kurudisha jua. Hizo ni sehemu zenye watu wa kipato kidogo kama sisi, na ndoo ya rangi nyeupe si teknolojia ya kuagizwa kutoka mwezini.

Karibu nasi, Sudan Kusini ilifunga shule zote mnamo Machi 2024 kwa sababu ya joto kali, na Februari 2025 ikalazimika kuzifunga tena. Madarasa ya mabati matupu yalitajwa miongoni mwa sababu za watoto kutoweza kuvumilia. Turkana, mojawapo ya kaunti zetu za kaskazini, inapakana na nchi hiyo, na kaunti hizo zina madarasa ya aina hiyo hiyo. Kila mwaka pesa za umma hununua mabati ya shule, na wanasiasa husimama mbele ya kamera wakiyakabidhi. Itakuwa jambo la maana siku ambapo kiongozi mmoja atakabidhi mabati pamoja na dari yake.

Maswali kabla ya kulipa

Kwa msomaji ambaye fundi wake tayari ameshuka ngazi na kutoa hukumu, ushauri ni huu. Kwanza, ujue kilicho juu yako sasa. Kama ni asbesto, usimruhusu mtu kupanda. Pili, mbao zikaguliwe kabla ya ezeko kuchaguliwa, kwa maana mbao ndizo zinazoamua uzito unaoweza kubebwa. Tatu, mwombe fundi hesabu mbili kwenye karatasi moja: ya ezeko peke yake, na ya ezeko pamoja na dari, matundu ya hewa na wavu. Ukishindwa kuimudu ya pili, heri upunguze urembo wa bati kuliko kuiacha dari. Nne, chagua rangi hafifu. Tano, kabla ya kumaliza malipo, keti katika chumba cha kulala saa nane mchana kwa dakika kumi, madirisha yakiwa yamefungwa. Mwili wako utakupa jibu ambalo risiti haiwezi kukupa.

Na kama pesa za paa jipya hazipo kabisa, rangi nyeupe juu ya bati la zamani lililosuguliwa kutu na kupakwa rangi ya msingi, pamoja na dari nyepesi, itakuwa hatua kubwa ya kwanza. Mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi wa nyumba nao utatoa kivuli baada ya miaka michache.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Tumekuwa tukizihukumu nyumba zetu kwa kuzitazama kutoka barabarani, kwa rangi ya bati na unyofu wa mistari yake. Lakini nyumba hujengwa kwa ajili ya aliye ndani. Mama yangu alirudisha kitanda chake chumbani wiki ile dari ilipomalizika. Hakusema neno juu ya paa. Alisema tu kwamba amelala.